Kutumia “slowly” Bila Kukosea: Mwongozo Kamili kwa Wanaozungumza na Wageni Lamu

Maswali yanayonifikia kuhusu neno hili yanafanana mno. Nahodha wa mashua kule Shela anasema “The boat is slowly”, mgeni anamtazama tu. Mhudumu anaandika kwenye barua ya kuomba kazi hotelini: “I speak slowly English.” Kijana anayetembeza watu Langoni na Mkomani anawaambia kila baada ya hatua mbili “slowly, slowly”, nao wanapunguza mwendo, ilhali yeye alitaka wainamishe vichwa wasigonge boriti ya mlango.

Hawa wote wanatumia Kiingereza kila siku na kinawalisha. Kinachowakwamisha ni maelezo waliyopewa tangu mwanzo: “slowly” ni polepole, basi. Polepole yetu inafanya kazi nyingi. “Slowly” inafanya moja, nayo ni kueleza tendo linalokwenda kwa kasi ndogo. Mwongozo huu umejengwa juu ya tofauti hiyo, na hatua ya kwanza ndiyo ndefu kwa sababu makosa mengi yanazaliwa hapo.

Vitu vya kuwa navyo

Daftari dogo na kalamu.

Simu yenye kinasa sauti. Ya kawaida kabisa inatosha.

Sentensi kumi za Kiswahili zenye neno “polepole” au “taratibu”, kutoka kazini kwako. Usizichukue kitabuni. Andika zile unazozisema kweli ukiwa chomboni, jikoni, mapokezi au njiani na wageni. Sentensi za kitabu utazisahau kesho, na zako utazihitaji kesho hiyo hiyo.

Mwenzako mmoja asiyeona haya kukusahihisha.

Tenga jioni nzima kwa hatua ya kwanza. Zilizobaki unaweza kuzipitia mbili au tatu kwa mkao mmoja.

Hatua ya 1: Tambua ni polepole ipi

Chukua sentensi yako ya kwanza, funika neno “polepole” kwa kidole, kisha jiulize: nataka mtu huyu afanye nini hasa? Apunguze kasi? Aangalie anapokanyaga? Ashike kitu kwa mkono mwepesi? Ashushe sauti? Kila jibu lina neno lake la Kiingereza, na ni jibu la kwanza tu linaloitwa “slowly”.

Tazama ngazi za gati maji yakiwa yamekupwa. Vidato vya chini, vinavyofunikwa na bahari maji yakijaa, vimeshika ukoga wa kijani na vinateleza. Mgeni, mama mtu mzima, anashuka kuingia mashuani. Mkono mmoja umebana mkoba, mwingine umemshika baharia. Baharia anasema, “Slowly, mama, slowly.” Mama anatii. Anapunguza mwendo, anashusha mguu taratibu kabisa, na anaukanyagisha palepale penye ukoga.

Amefanya alichoambiwa. Baharia alitaka kumwambia aangalie, panateleza. Kiingereza chake ni “Careful, this step is slippery.” Na kama anataka kumwonyesha mahali pa kukanyaga, aseme huku akionyesha kwa kidole: “Put your foot here.” Neno moja lisilo mahali pake linaweza kumvunja mtu mguu, ndiyo maana nimeitanguliza polepole hii kabla ya nyingine zote.

Kuna polepole ya mkono. Mchukuzi anashusha sanduku mkokotenini, nawe unamwambia mgeni anayemsaidia: weka polepole, mna vyombo vya gilasi. Hapo sema “Put it down gently, there is glass inside.” Ukisema “slowly” utaeleweka, lakini utakuwa umetaja kasi peke yake. Mtu anaweza kushusha sanduku kwa kasi ndogo na bado akalibwaga mwishoni.

Kuna polepole ya sauti, na hii wengi hawaioni kabisa. “Ongea polepole, mtoto amelala” inageuzwa kuwa “Speak slowly, the baby is sleeping.” Mgeni ataendelea kwa sauti ile ile, ila maneno yatatoka moja moja. Sema “Please speak quietly, the baby is sleeping.” Ni hivyo hivyo mkipita karibu na msikiti wakati wa swala: unachotaka ni “quietly”.

Kisha kuna polepole ya kidogokidogo. Mzee anapata nafuu polepole. Hapa “slowly” inafaa: “He is slowly getting better.” Inafaa kwa sababu kupata nafuu ni tendo linaloendelea, na linaendelea kwa kasi ndogo. Unaweza pia kusema “He is getting better little by little.” Zote mbili ni safi.

Onyo la kwanza: zipo hali ambazo Kiswahili kinasema polepole na Kiingereza hakihitaji neno lolote la mwendo. Punda mwenye mzigo wa mchanga anakuja nyuma yenu kichochoroni. Mgeni hatakiwi kwenda polepole, anatakiwa asogee ukutani. Sema “There is a donkey behind you. Please stand to the side.”

Onyo la pili: usiichanganye na pole ya kumfariji mtu. Mgeni akijikwaa, sema “Oh, sorry! Are you all right?” Ongeza lile swali la pili usiliache, kwa sababu Waingereza wengi wakisikia “sorry” peke yake hudhani unajilaumu, na watakujibu kwamba halikuwa kosa lako.

Utajua umefaulu hatua hii ukipitia sentensi zako kumi na kukuta baadhi yake tu ndizo zinazobaki na “slowly”. Kama zote kumi zimebaki nayo, zirudie na mwenzako, tena kwa sauti, mmoja akiigiza mgeni.

Hatua ya 2: Unasema kitu au unasema tendo?

Sasa chukua zile zilizobaki. Kiswahili chenyewe kinakupa kipimo. Uliza maswali haya mawili:

Mashua hii ikoje?
Mashua hii inaendaje?

Swali la kwanza linauliza sifa ya kitu, na jibu lake ni “slow”: “This boat is slow.” Swali la pili linauliza namna ya tendo, na jibu lake ni “slowly”: “This boat moves slowly.” Ukitaka kuibandika sifa kwenye jina la kitu, bado ni ile ile ya kwanza: “a slow boat”. “A slowly boat” haipo.

Sababu ya kukosea hapa ni kwamba Kiswahili kinatumia neno moja pande zote mbili. Tunasema mwendo wa polepole, tunasema pia anakwenda polepole, na neno halibadiliki hata herufi. Kiingereza kinataka alama ya “-ly” pale tu unapoeleza tendo.

Ukisahau, kumbuka unavyolalamika kuhusu simu yako. Vijana wote wa Lamu wanasema “netiweki iko slow”. Sijamsikia anayesema “iko slowly”. Sikio lako tayari linaijua kanuni, imebaki kuihamishia kwenye mashua, chakula na huduma: “The network is slow.” “The service is slow today.”

Baada ya “is”, “was”, “looks” na “seems”, ukiwa unaeleza kitu kilivyo, tumia “slow”. Lakini kuna jambo linalowachanganya hata wanaofanya vizuri. Utamsikia mtu anayekijua Kiingereza akisema “The boat is slowly turning”, uone kwamba “is slowly” imetumika na hakuna aliyemsahihisha. Ni sahihi. Tendo pale ni kugeuka, na “is” ni msaidizi tu wa “turning”. Kosa ni kuikata sentensi baada ya “slowly”: “The boat is slowly.” Msikilizaji anabaki akingoja tendo lisilokuja.

Umefaulu ukiweza kuitamka jozi hii bila kusita: “He is slow. He works slowly.”

Hatua ya 3: Liweke mahali pake

Kanuni kubwa ni moja: usilitie “slowly” katikati ya tendo na kitu kinachotendwa.

“He speaks slowly English” inakuwa “He speaks English slowly.”

“Pull slowly the rope” inakuwa “Pull the rope slowly.”

Tunakosea hapa kwa sababu ya utajiri wa kitenzi chetu. Tukisema “ivute polepole hiyo kamba”, ile “i” iliyo ndani ya kitenzi imeshaitaja kamba, kwa hiyo kamba yenyewe inaweza kungoja mwishoni. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kinataka kitu chake kifuate papo hapo, na “slowly” ikae nyuma.

Mkiwa kazini, hasa unapotoa maelekezo, liache mwishoni daima. “Turn the wheel slowly.” “Let the rope out slowly.” Neno la mwisho ndilo linalobaki sikioni, na kwenye chombo hilo lina maana kubwa.

Unaposimulia, unaweza kulitanguliza mbele ya tendo: “He slowly opened the door.” Kuliweka mwanzo kabisa, “Slowly, the sail went up”, ni mtindo wa hadithi. Si kosa, ila hutauhitaji sana ukiongea na wageni.

Angalia jinsi kulihamisha kunavyoweza kugeuza maana. “I told him to walk slowly”: atembee polepole. “I slowly told him to walk”: mimi ndiye niliyesema kwa kusitasita. Ukiwa na shaka, lisogeze karibu na tendo linalohusika.

Ukitaja pia mahali na wakati, mpangilio salama ni namna, mahali, wakati: “We will sail slowly to Manda in the morning.”

Hatua ya 4: Usilirudie, liongezee nguvu

Sisi tunarudia neno ili kulitia uzito: polepole, mbiombio, kidogokidogo. Kiingereza kinaongeza neno mbele. Badala ya “slowly, slowly” sema “very slowly”.

Mfano wa kazini: mnakwenda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, na mmechelewa kidogo kuyawahi maji yakiwa yamejaa. Mkondo wa kule unapita kwenye mikoko, na maji yakipungua chombo kinaweza kukwama. Waambie wageni mapema: “The water is low, so we will go very slowly here.” Sentensi hii inawapa sababu, na mtu mwenye sababu hana wasiwasi.

Onyo: “sana” yetu inaweza kuwa sifa na inaweza kuwa lawama. Kiingereza kinazitenga. “Very slowly” ni polepole sana, bila ubaya. “Too slowly” ni polepole kupita inavyotakiwa, na ni lawama. Ukimwambia mgeni “You eat too slowly”, umemkosoa mezani. Ukitaka kumsifu anavyokula kwa utulivu, usiiguse “too”.

Hatua ya 5: Kulinganisha na kuomba

“Polepole zaidi” ni “more slowly”. Katika mazungumzo utasikia pia “slower”, kama “Can you go slower?”, na hakuna atakayekushangaa. Kwenye barua, mtihani au ujumbe wa kazi, andika “more slowly”. Kisichokubalika popote ni kuzifunga pamoja: “more slower”.

Tumia hili kwa ombi ambalo utalihitaji kuliko yote, pale mgeni anapoongea mbio na wewe unapotea:

“Could you speak a little more slowly, please?”

Lishike lote kama lilivyo. Kwa Kiswahili heshima inakaa kwenye sauti na kwenye namna tunavyomwita mtu: mama, mzee, bwana. Mgeni haisikii heshima iliyo ndani ya maneno hayo. Yeye anaisikia kwenye “could you”, “a little” na “please”. Ukisema “Speak slowly” peke yake, hata kwa tabasamu, inaweza kumfikia kama amri.

Na usione aibu kuliomba. Ni bora mgeni aseme mara mbili kuliko umpeleke mahali asipopataka.

Umefaulu mgeni akipunguza kasi bila uso wake kubadilika.

Hatua ya 6: Litenge na jirani zake

Kuchelewa si “slowly”. Abiria ana ndege Manda, upepo umelala, na anakuuliza mbona hivi. Ukijibu “We are slowly” hajapata jibu. Kuna mambo mawili tofauti ya kumwambia. Kama wakati umepita: “We are late.” Kama chombo kinasogea lakini kwa kasi ndogo: “We are moving slowly because the wind is light.” Angalia “light” hapo. Upepo mdogo kwa Kiingereza ni mwepesi, usiseme “small wind” wala “slow wind”. Na kwa kuwa ana ndege, mweleze haraka unachokwenda kufanya: “I will start the engine.”

Saa iliyobaki nyuma ndiyo inayoitwa “slow”: “My watch is slow.”

Kinyume chake, haraka, kina mtego wake. “Quick” inapokea “-ly” ikawa “quickly”. “Fast” haipokei kitu: “a fast boat”, “The boat goes fast.” “Fastly” si neno.

Na “Go slow”? Kibao cha barabarani kinaweza kuandikwa hivyo, na watu husema “drive slow” bila shida. Lakini “go-slow” ya wafanyakazi ni mgomo baridi, yaani kufanya kazi kwa kusuasua makusudi. Ukimwandikia meneja kwamba jikoni kuna “go-slow” leo, atadhani wapishi wamegoma. Andika “The kitchen is slow today.”

Hatua ya 7: Litamke na uliandike

Mdomo wetu unapenda irabu baada ya kila konsonanti, kwa hiyo linatoka “si-lo-li”, silabi tatu. Linatakiwa kuwa na mbili. Shikilia “s” ndefu, kisha teremkia “l” bila kuuachia mdomo katikati: sss-lou-li. Sauti ya kati inaanzia “o” na kumalizikia karibu na “u”.

Mkazo uko silabi ya kwanza. Hilo ni jepesi kwetu, maana Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la silabi mbili linaangukia papo hapo. Tabu iko kwa “carefully” na “quietly”. Zina silabi tatu na mkazo uko mwanzoni kabisa: KEA-fu-li, KWAI-et-li. Ukiufuata mkazo wa Kiswahili utasema kea-FU-li, na mgeni atachelewa kukuelewa penye vile vidato vya ukoga.

Jirekodi ukisema “Please walk slowly”, kisha mpe mwenzako asikilize akiwa amefumba macho na apige kofi kwa kila silabi ya neno la mwisho. Makofi mawili, umefika.

Kuandika ni rahisi: “slow” na “ly”, bila kubadilisha wala kuongeza herufi. Angalia tu “gentle”: ile “le” ya mwisho inageuka kuwa “ly”, ikawa “gently”.

Mazoezi

Funika majibu. Geuza hizi ziwe Kiingereza, moja moja, ukianza na swali la hatua ya kwanza.

1. Mashua inakwenda polepole leo kwa sababu upepo ni mdogo.
2. Mashua yake ni ya polepole.
3. Shuka polepole, kidato kinateleza.
4. Fungua mlango polepole, watu wanaswali.
5. Anasoma Kiarabu polepole.
6. Tafadhali mama, sema polepole kidogo.

Majibu

1. “The boat is moving slowly today because the wind is light.”
2. “His boat is slow.” Ni sifa ya chombo, hakuna tendo.
3. “Be careful, the step is slippery.”
4. “Please open the door quietly, people are praying.”
5. “He reads Arabic slowly.” Kama uliandika “reads slowly Arabic”, rudi hatua ya 3.
6. Hii ina majibu mawili, na sentensi ya Kiswahili haikuambii lipi. Kama mama anaongea mbio na maneno yanakupita: “Could you speak a little more slowly, please?” Kama sauti yake iko juu na chumba cha pili kuna mgonjwa: “Could you speak a little more quietly, please?” Yaandike yote mawili daftarini, na pembeni ya kila moja uandike ni wakati gani kazini kwako utalihitaji.